Masomo ya Uzamili na Uzamivu katika Baiolojia nchini Uganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wahitimu wa shahada ya kwanza walioko Uganda, pamoja na wale wanaokuja kutoka Kenya, Tanzania, Kongo na nchi nyingine za jirani, ambao wanafikiria kuendelea na masomo ya juu katika baiolojia. Maswali hayakupewa uzito sawa. Yanayohusu msimamizi, vibali na majira ya utafiti yamejibiwa kwa urefu, kwa kuwa huko ndiko wanafunzi wengi wenye akili na bidii hukwama, huku wakidhani kwamba kinachowashinda ni ugumu wa somo.

Uzamili unatofautianaje na uzamivu, na kila shahada huchukua muda gani?

Uzamili katika baiolojia hupangwa kwa miaka 2. Mwaka wa kwanza ni wa madarasa, maabara na mitihani, na wa pili ni wa utafiti na kuandika tasnifu. Katika baadhi ya programu za Makerere kuna njia mbili, moja yenye tasnifu kamili na nyingine yenye mradi mfupi. Anayekusudia kufika uzamivu achague ile ya tasnifu, kwa sababu msimamizi wa uzamivu hutaka kuona kama mwombaji amewahi kubeba utafiti wake mwenyewe kutoka swali hadi jibu. Uzamivu hupangwa kwa miaka 3 au zaidi, na karibu muda wote hutumika katika utafiti unaotarajiwa kuongeza jambo jipya katika elimu iliyopo. Hiyo ni miaka ya kwenye karatasi. Wengi huchukua muda mrefu zaidi, na sababu zake zinaelezwa hapa chini.

Ni vyuo gani vinavyofundisha baiolojia katika ngazi hizi?

Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi na kuwa chuo kikuu cha taifa mwaka 1970, ndiyo yenye uwanja mpana zaidi. Koleji yake ya Sayansi Asilia ina idara ya zuolojia, entomolojia na sayansi ya uvuvi, na nyingine ya sayansi ya mimea, mikrobiolojia na bioteknolojia. Koleji ya udaktari wa mifugo hufundisha baiolojia ya molekuli, na koleji ya sayansi za afya hufundisha masuala ya kinga ya mwili na mikrobiolojia ya tiba. Kwa hiyo anayetafuta neno «baiolojia» katika orodha ya programu za Makerere anaweza asilione kabisa, kumbe somo lenyewe limegawanywa chini ya majina mengine. Asome orodha yote, koleji kwa koleji.

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989, kina nguvu ya pekee katika ikolojia na uhifadhi, kwa sababu ndicho chenye Taasisi ya Uhifadhi wa Misitu ya Tropiki iliyoko Ruhija, katika eneo la msitu wa Bwindi, kusini-magharibi mwa nchi. Vyuo vya umma vya Gulu, Kyambogo na Busitema navyo vinafundisha sayansi za viumbe. Kabla ya kulipa hata shilingi ya fomu, hakikisha kwamba programu yenyewe, si chuo peke yake, ina ithibati hai ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, maarufu kama NCHE. Chuo kinaweza kuwa halali huku ithibati ya programu moja ikiwa imekwisha muda wake.

Ninahitaji sifa gani ili nikubaliwe?

Kwa kawaida huhitajika shahada ya kwanza ya daraja la pili, ngazi ya chini au zaidi, katika somo linalohusiana na programu unayoomba. Mwenye shahada ya kawaida isiyo na daraja hajafungiwa mlango moja kwa moja. Njia inayokubalika katika vyuo vingi ni kusoma kwanza stashahada ya uzamili, au kuonyesha uzoefu wa kazi na machapisho. Pamoja na vyeti na nakala ya matokeo, tayarisha wasifu wako na majina ya watu wawili au watatu watakaokuandikia barua za mapendekezo. Waombe barua hizo mapema, na uwape nakala ya matokeo yako na maelezo mafupi ya unachotaka kusoma, kwa sababu mhadhiri aliyefundisha mamia ya wanafunzi hawezi kuandika jambo la maana juu yako kwa kukumbuka jina tu. Mwaka wa masomo huanza Agosti, na dirisha la maombi hufunguliwa miezi mingi kabla ya hapo.

Shahada yangu ni ya nje ya Uganda. Itatambuliwa?

Itatambuliwa baada ya kulinganishwa. Vyeti vya sekondari vya nje hulinganishwa na Baraza la Mitihani la Uganda, yaani UNEB, na shahada hulinganishwa na NCHE. Aliyesoma Kongo au Burundi kwa Kifaransa anahitaji tafsiri rasmi ya Kiingereza ya cheti na ya matokeo, iliyofanywa na mtafsiri anayetambulika na kupigwa mhuri. Fanya kazi hii kabla ya kuomba nafasi, si baada ya kupata barua ya kukubaliwa, maana usajili hufungwa wakati karatasi bado ziko njiani. Ulizia pia kama chuo kinawatoza raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki karo ya wenyeji au ya wageni. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni mwanachama wa jumuiya hiyo tangu mwaka 2022, na jibu la ofisi ya karo liombe kwa maandishi.

Nianze kwa kuchagua chuo au kwa kuchagua msimamizi?

Anza na msimamizi. Huu ndio ushauri ambao ningependa kila mwombaji auchukue, hata akiyaacha mengine yote. Jina la chuo litakaa kwenye cheti, lakini mtu atakayesoma rasimu zako, atakayekusainia fomu za vibali, atakayekuombea muda katika maabara na atakayesimama nawe siku ya kutetea tasnifu ni mmoja au wawili, na mwendo wako wote utafuata mwendo wao.

Soma alichoandika katika miaka mitano iliyopita, na usiishie kwenye muhtasari. Ingia katika sehemu ya mbinu uone kama kazi hiyo ingekupendeza kuifanya kwa mikono yako. Tazama kama majina ya wanafunzi wake yanatokea miongoni mwa waandishi. Mtafute mwanafunzi wake aliyekwisha kuhitimu, umuulize mambo matatu yaliyo wazi: rasimu ilikuwa inarudi baada ya muda gani, nani alilipia utafiti, na alitumia miaka mingapi hadi kuvaa joho. Msomi mashuhuri ambaye yuko safarini mwaka mzima anaweza kukuchelewesha kuliko mhadhiri kijana asiyejulikana sana ambaye kila Jumatatu yuko ofisini kwake.

Barua ya kwanza kwa msimamizi iwe fupi. Katika aya moja jieleze wewe ni nani, umesoma wapi na ulifanya mradi gani wa mwaka wa mwisho. Katika aya ya pili taja kazi yake moja uliyoisoma, na swali ambalo kazi hiyo ilikuachia. Katika ya tatu uliza kama anapokea wanafunzi mwaka huu, na kama kuna mradi wenye fedha unaoweza kujiunga nao. Usiandike barua moja ukawatumia wahadhiri ishirini kwa mkupuo. Wanaitambua mara moja. Asipojibu kwa wiki mbili, mkumbushe kwa heshima, na kama uko Kampala, mfuate ofisini saa zake za kuwaona wanafunzi. Uganda bado ni nchi ambayo mtu akikuona uso kwa uso hukukumbuka.

Inafaa pia kuwa na msimamizi wa pili kutoka taasisi ya utafiti. Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya homa ya manjano na ambako virusi vya Zika vilitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1947, ina maabara na uzoefu ambao idara nyingi za chuo hazina. Vivyo hivyo taasisi za NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo: ya uvuvi iko Jinja, ya mazao iko Namulonge, na maabara za utafiti wa kilimo ziko Kawanda. Watafiti wa huko mara nyingi wana takwimu za miaka mingi zinazongoja mtu wa kuzichambua.

Swali zuri la utafiti linapatikanaje?

Linapatikana kwa kupunguza. Karibu kila pendekezo la kwanza huwa pana mno, na si aibu, kwa sababu mwanafunzi anaanza na jambo linalomgusa kabla hajajua linavyopimika.

Chukua mfano wa Ziwa Victoria. Sangara, ambaye Waganda humwita mputa, aliingizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, akaongezeka kwa kishindo katika miaka ya 1980, na katika muda mfupi spishi nyingi sana za furu, wale samaki wadogo wa nkejje ambao hawapatikani penginepo duniani, zikatoweka au zikapungua hadi kukaribia kwisha. Mwanafunzi anayeandika «Athari za sangara kwa bioanuwai ya Ziwa Victoria» ana mada ya kujaza maisha ya watafiti kumi. Lakini sasa apunguze. Inajulikana kwamba sangara huhitaji oksijeni nyingi, na kwamba ndani ya vinamasi vya mafunjo maji yana oksijeni kidogo, hivyo baadhi ya furu wamepata hifadhi humo. Basi aende Nabugabo, ziwa dogo lililo kando ya Victoria karibu na Masaka, achague kingo tatu zenye mafunjo na tatu ambazo mafunjo yamefyekwa, apime oksijeni asubuhi na mchana, atege samaki kwa mitego ya aina moja, ahesabu spishi. Sasa ana swali lenye jibu, lenye mahali, na linaloweza kumalizika kabla ya fedha kwisha. Juu ya yote, jibu lake litamhusu mvuvi na ofisa wa mazingira wa wilaya anayeulizwa kila siku kama kinamasi kifyekwe.

Uganda imejaa maswali ya namna hiyo. Mnyauko wa bakteria wa migomba ulitambuliwa nchini mwaka 2001 na bado unawasumbua wakulima. Msitu wa Kibale una nyani, mbega, sokwe na jamaa zao wa spishi 13, na kituo cha uwandani cha Makerere kilichoko Kanyawara kina kumbukumbu za miaka mingi juu ya miti, matunda na wanyama. Mtu anayesoma baiolojia hapa hana sababu ya kuazima swali kutoka nchi ya mbali wakati vitu ambavyo wataalamu wa dunia hupanda ndege kuja kuvitazama viko umbali wa basi moja kutoka Kampala.

Ni vibali gani vinahitajika, na kwa nini vinachelewesha watu?

Vinachelewesha kwa sababu kila kimoja hungoja kilichotangulia, na mwanafunzi huanza kuvishughulikia siku ya kumaliza pendekezo badala ya siku ya kulianza.

Kwanza pendekezo lipitishwe na idara na koleji. Kama utafiti unahusu watu, hata kama ni kuwauliza wavuvi maswali kumi tu, lipitie kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinishwa. Kama unahusu kushika, kufunga au kutoa damu wanyama, lipitie kamati inayosimamia matumizi ya wanyama katika utafiti. Baada ya hapo huja usajili katika Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST, ambalo limekuwepo tangu mwaka 1990 na ndilo lenye mamlaka ya kuruhusu utafiti nchini. Utafiti wa ndani ya hifadhi ya taifa, au wa wanyama pori popote walipo, huhitaji pia ruhusa ya Mamlaka ya Wanyamapori, UWA. Utafiti wa ndani ya msitu wa hifadhi ulio chini ya serikali kuu huhitaji ruhusa ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu, NFA. Angalia mahali pako ni pa nani: Kibale na Bwindi ni hifadhi za taifa, kwa hiyo ni za UWA, lakini Budongo, ambako pia kuna sokwe na kituo cha utafiti cha tangu mwaka 1990, ni msitu wa NFA. Wapo waliofika getini na karatasi ya ofisi isiyohusika.

Ukishapata vyote, bado hujaruhusiwa kuingia kijijini kimya kimya. Ripoti kwa ofisi ya RDC, yaani mwakilishi wa rais katika wilaya, kisha kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na uwe na nakala za barua zako zilizopigwa mhuri. Mwenyekiti wa LC1 ndiye atakayewaambia watu wake kwamba yule kijana anayezunguka usiku na tochi kwenye kinamasi anatafuta vyura, wala si mwizi wa ng'ombe.

Sampuli zikipelekwa nje ya nchi kwa uchambuzi, huongezeka mkataba wa kuhamisha sampuli unaopitia UNCST, na kwa spishi zinazolindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kibali cha wizara inayosimamia utalii na wanyamapori. Wanafunzi hulalamikia masharti haya, lakini kwa maoni yangu ni ya haki. Uganda imejiunga na Itifaki ya Nagoya, inayotaka nchi zigawiwe kwa haki faida inayotokana na viumbe vyake, na kwa miaka mingi kabla ya hapo mimea, wadudu na damu za wanyama wetu ziliondoka bila mtu yeyote wa hapa kujua zilikokwenda wala kilichotokana nazo. Msomi wa baiolojia wa Uganda anapaswa kuwa wa kwanza kuyalinda masharti haya, hata yanapomchosha.

Wakati unaandika pendekezo, andikia pia hifadhi unayotaka kufanyia kazi, zungumza na mkuu wa utafiti wa huko, na upate orodha ya kinachohitajika. Mazungumzo hayo hayana ada, na yakifanyika mapema huokoa miezi.

Majira ya mvua yanahusianaje na ratiba yangu?

Yanahusiana sana, na ratiba za vyuo haziyazingatii. Kusini na magharibi mwa Uganda mvua kwa kawaida hunyesha mara mbili, kati ya Machi na Mei na tena kati ya Septemba na Novemba. Kaskazini, kuanzia Gulu hadi Kidepo, kuna msimu mmoja mrefu unaoanza karibu Aprili hadi Oktoba. Sasa fikiria mwanafunzi wa uzamili aliyeanza Agosti. Madarasa yake yanakwisha katikati ya mwaka unaofuata. Akitetea pendekezo Agosti na vibali vikatoka Desemba, mvua za Septemba zimempita, na kama anachunguza vyura, kumbikumbi, uyoga au miche ya miti, hana la kufanya hadi Machi. Hapo mwaka wake wa pili umebaki miezi michache, na bado hajachambua wala kuandika. Kuchelewa huko hakutokani na uvivu hata kidogo.

Dawa ni kuandika pendekezo ndani ya mwaka wa kwanza, sambamba na madarasa, huku ukitazama kalenda ya mvua badala ya kalenda ya mihula. Jipangie pia ziara fupi ya majaribio, hata ya siku chache, katika likizo ya Desemba. Ndipo utakapojua kwamba barabara ya kituo haipitiki kwa pikipiki mvua ikinyesha, kwamba hakuna umeme wa kugandisha sampuli, na kwamba tishu zihifadhiwe kwenye ethanoli na majani kwenye vijiwe vya kufyonza unyevu. Lebo ya sampuli iandike kwa penseli kwenye kikaratasi na ukitumbukize ndani ya kichupa chenyewe, kwa sababu wino wa kalamu ukiguswa na ethanoli huyeyuka, na kichupa kisicho na jina la mahali na tarehe ni takataka hata kikiwa na mnyama adimu kiasi gani.

Nani atanilipia?

Vyanzo ni vingi kuliko watu wanavyodhani, lakini hakuna kinachomfuata mtu nyumbani. RUFORUM, muungano wa vyuo vya Afrika ulioanzishwa mwaka 2004 na wenye makao yake Makerere, hufadhili utafiti unaogusa kilimo, ukiwemo wa wadudu, magonjwa ya mimea na samaki. Mfuko wa utafiti na ubunifu wa Makerere, unaotokana na fedha za serikali tangu mwaka 2019, huwapa watafiti wa chuo fedha za miradi, na msimamizi aliyeupata huweza kumwingiza mwanafunzi. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, hudhamini wanafunzi wa Kiafrika wanaosoma ndani ya bara. Kwa gharama za uwandani peke yake, ruzuku ndogo za mfuko wa Rufford wa Uingereza huwasaidia vijana wanaofanya kazi ya uhifadhi, na kuandika ombi lake ni mazoezi mazuri ya kuandika maombi makubwa zaidi.

Bajeti yako isiishie kwenye karo. Weka usafiri, ada za vibali, malipo ya askari wa hifadhi anayekusindikiza, posho ya msaidizi wa uwandani, kemikali za maabara, uchapishaji wa tasnifu na miezi ya kuandika ambayo huna kipato. Wengi huishiwa katika miezi hiyo ya mwisho, baada ya kuwa wamekwisha kukusanya kila kitu.

Je, ni afadhali nisome nje ya nchi?

Inategemea mbinu unayoihitaji. Kama swali lako linadai vifaa ambavyo havipo hapa, nenda kavitafute. Vinginevyo, uzamili unaofanyika hapa na kuzaa chapisho moja zuri utakufungulia uzamivu popote.

Marekani mtu anaweza kuingia uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza. Masomo huchukua miaka 5 au zaidi, na katika baiolojia kwa kawaida chuo husamehe karo na kulipa posho kwa kazi ya kufundisha au ya utafiti. Maombi mengi hufungwa mwezi Desemba. Uingereza uzamili huwa wa mwaka 1, na njia zinazojulikana zaidi ni Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza unaodai uzoefu wa kazi, na ufadhili wa Jumuiya ya Madola. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi karo, isipokuwa katika jimbo la Baden-Württemberg ambalo huwatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya. Karibu zaidi na nyumbani kuna icipe ya Nairobi, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa mwaka 1970 na Thomas Odhiambo, ambako tangu mwaka 1983 wanafunzi wa uzamivu kutoka Afrika nzima hufanya utafiti wa wadudu huku shahada yenyewe ikitolewa na chuo kikuu walikosajiliwa. Kwa anayependa entomolojia, sijui sababu ya kuruka bahari kabla ya kuomba huko.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Inafaa niache kazi?

Tangu mwaka wa fedha 2022/23 mwalimu wa sayansi mwenye shahada katika shule ya serikali hulipwa takriban shilingi milioni 4 kwa mwezi, na posho nyingi za masomo hazifikii kiasi hicho. Usijiuzulu. Omba likizo ya masomo kwa mwajiri kwa maandishi, na ungoje jibu lake kabla ya kusaini lolote. Walimu waliosoma shahada ya sayansi na elimu hukubaliwa katika uzamili mradi masomo yao ya baiolojia yanatosha, na wana faida ambayo hawajui kwamba wanayo: wanaweza kueleza. Kama huwezi kuondoka kabisa, tafuta swali linalofanyika karibu na shule yako, katika kinamasi, shamba au soko la samaki, ili wikendi ziwe siku zako za uwandani.

Masomo ni kwa lugha gani, na Kiswahili kina nafasi?

Madarasa, mitihani na tasnifu ni kwa Kiingereza. Uwandani mambo hubadilika. Katika vijiji vinavyozunguka Budongo, ambako wameishi watu wa makabila mengi waliokuja kwa kazi za mbao na miwa, na katika mialo ya Ziwa Albert ambako Waaluri na Wakongo huvua pamoja, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha watu. Mtafiti anayekizungumza hahitaji mkalimani na hupata majibu marefu zaidi. Ukiwa na fomu ya maswali, itafsiri kwa Kiswahili mapema, uijaribu kwa watu watano, kisha uipeleke kwenye kamati ya maadili ikiwa tayari.

Sikufanya vizuri katika hisabati. Nitaweza?

Utaweza, lakini hutaikwepa. Baiolojia ya leo ni ya takwimu, na mwanafunzi anayempa mtu mwingine data zake amchambulie hujikuta siku ya kutetea tasnifu akiulizwa maswali asiyoweza kuyajibu. Jifunze programu ya R, ambayo ni ya bure na hufanya kazi hata kwenye kompyuta ya kawaida, kwa kutumia data zako mwenyewe. Na umwone mtaalamu wa takwimu kabla ya kwenda uwandani, kwa sababu idadi ya sampuli isiyotosha haiwezi kurekebishwa baadaye na mtu yeyote.

Mimi ni mama wa watoto wadogo. Kazi ya uwandani inawezekana?

Inawezekana, na wanawake wengi wa Uganda wameifanya. Gladys Kalema-Zikusoka, daktari wa wanyama pori aliyeanzisha shirika la afya ya wanyama na watu huko Bwindi mwaka 2003, anajulikana duniani kote kwa kazi hiyo. Mweleze msimamizi hali yako tangu mwanzo ili muda wa uwandani ugawanywe katika vipindi vifupi, na ulizia kama kituo kinakubali mtoto na mlezi. Shirika la wanawake wanasayansi la OWSD hutoa ufadhili wa uzamivu kwa wanawake wa nchi kama Uganda wanaokwenda kusoma katika nchi nyingine inayoendelea. Baraza la familia lifanyike kabla ya kuomba, na liwahusishe mume, mama mzazi na yeyote atakayebaki na watoto.

Nifanye nini nikishindwa kuelewana na msimamizi?

Andika. Baada ya kila mkutano mtumie barua pepe fupi inayoeleza mlichokubaliana na tarehe ya hatua inayofuata. Mara nyingi hilo peke yake hutengeneza mambo, kwa kuwa ugomvi mwingi huanza na kusahau. Isipotosha, mwone mratibu wa masomo ya juu wa idara, kisha mkuu wa idara, ukiwa na barua hizo mkononi. Kubadilisha msimamizi kunaruhusiwa na kuna utaratibu wake. Ni vyema kufanyike katika mwaka wa kwanza kuliko wa tatu.

Nitafanya kazi gani baadaye?

Wenye uzamili huajiriwa na UWA, NARO, mamlaka ya mazingira NEMA, taasisi za utafiti wa magonjwa, mashirika ya uhifadhi na vyuo vikuu kwa ngazi za chini za uhadhiri. Kufundisha chuo kikuu kwa kudumu kunadai uzamivu. Ajira hazitoshi wahitimu wote, kwa hiyo anza kujulikana ungali mwanafunzi: wasilisha matokeo yako kwenye semina za taasisi unayoitamani.

Tasnifu ikikamilika, sampuli na data zinabaki wapi?

Vielelezo vya mimea vilivyokaushwa vizuri vipelekwe kwenye hebaria ya Makerere, kila kimoja kikiwa na tarehe, mahali, mwinuko na jina la mkusanyaji, na vya wanyama viende kwenye mkusanyo wa idara ya zuolojia. Nakala ya tasnifu wape UNCST na mamlaka iliyokupa kibali cha mahali, kwa kuwa hilo ni sharti la vibali vyenyewe na msimamizi wa hifadhi anaihitaji. Jedwali la data lihifadhi katika faili la kawaida linalofunguka kwenye programu yoyote, likiwa na karatasi inayoeleza maana ya kila safu, na umwachie msimamizi nakala moja. Kisha rudi kijijini na ukurasa mmoja wa matokeo kwa lugha wanayoielewa, ukamkabidhi mwenyekiti wa LC1 na wasaidizi wako wa uwandani mbele ya watu.